Nguzo za Simu Mahali pa Mizinga

Mwaka mzima Gerda Wittkopp alikuwa akiilaani ile mizinga sita ya kutungulia ndege, iliyowekwa katika shamba lake la viazi nyuma ya kiwanda cha kutengeneza petroli kwa makaa ya mawe. Ikilia, vioo vinapasuka, vigae vinaporomoka, kuku wanasahau kutaga. Mara ngapi alikwenda kuwagombeza wale askari! Basi asubuhi ile ya Februari 1945, walipoing'oa na kuifunga nyuma ya malori, jirani zake walidhani atashangilia. Wapi! Alitoka mbio, mikono imejaa povu la sabuni.

"Mnaipeleka wapi?"

"Mashariki, mama, ikapige vifaru vya Warusi," alijibu koplo Tiedemann, aliyekwisha kuyazoea matusi yake. "Si ulitaka tuondoke? Sasa kuku wako watataga mpaka wachoke."

"Acha mzaha, mwanangu. Mume wangu anafanya kazi mle kiwandani. Nani atamlinda?"

Koplo akatazama pembeni. Katika mashimo ilimong'olewa mizinga, wenzake walikuwa wakishusha nguzo za simu zilizopakwa rangi ya chuma na kuzielekeza mbinguni.

"Hizo hapo. Ukiwa juu zinafanana na mizinga. Nawe hukuona kitu, umesikia? Wenye midomo wanafungwa." Kisha akashusha sauti. "Nisamehe, mama. Hata mimi natumwa tu."

Jioni mumewe, Alwin, aliporudi, Gerda alimweleza yote.

"Kesho usiende. Sema tumbo linakusokota."

"Watanifuata hapa hapa, wanisimamishe ukutani." Alwin akajaribu kucheka. "Bomu au risasi, mke wangu, nichagulie wewe."

Asubuhi alimfungia mkate na kipande cha soseji. Mlangoni akalishika koti lake, asiliachie.

"Niache, bibi wee. Lango litafungwa."

Akamwacha.

Mchana king'ora kikalia. Zamani ndege za adui zilipita juu sana zikikimbia mizinga, na mabomu mengi yakaishia malishoni. Leo moja ilitangulia, ikapita, na hakuna aliyeijibu. Ikageuka. Zikaja nyingine nyuma yake, chini kabisa, kama wezi waliokwisha kujua mbwa wa nyumba amekufa.

"Gerda, shuka handakini! Una wazimu?" jirani mmoja alipiga kelele.

Hakushuka. Alisimama kati ya zile nguzo, akaokota bonge la udongo ulioganda, akalirusha juu kwa nguvu zake zote. Likaangukia miguuni pake. Akaokota jingine.

Moto wa kwanza ulipanda upande wa matanuri ya kiwanda, alikokuwa Alwin zamuni. Gerda akaita jina lake, akaita tena, na kwa ngurumo ile hata yeye mwenyewe hakujisikia.