Nyumba ya Urithi

Matofali ya nyumba ile yalifyatuliwa na baba yake Shigela, kwa udongo wa bondeni Mkolani, enzi tajiri mmoja wa Kihindi alipojenga duka chini na makazi juu. Tofali moja kando ya mlango lilibaki na shimo la kidole gumba cha marehemu, kilichozama kabla udongo haujakauka. Kila asubuhi akitoka, Shigela alitia chake humo. Serikali ilipotaifisha majumba alipangishwa vyumba vya nyuma, akazeekea humo.

Ikaja miaka ya soko huria. Minofu ya sangara ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya, na mnunuzi mmoja wa samaki akaitaka nyumba aibomoe, ajenge ghala. Justa, bintiye Shigela, mwalimu kule Kisesa, alihangaika ofisi hadi ofisi mpaka akaahidiwa mkaguzi. Nyumba ikionekana ina historia, haitaguswa. Akamwambia baba yake kwamba mgeni akija, aseme kweli tu, asitie chumvi.

Mgeni alikuja Justa akiwa kazini. Alitoa shikamoo, akatazama matao ya madirisha, kisha akauliza:

"Mzee, kwa ujuavyo, hii ni nyumba ya urithi?"

Shigela alishtuka. Jirani yake Chenge alitolewa vyombo nje kwa kudai kwamba nyumba aliyopanga ni urithi wake. Shigela akaliegemea lile tofali, shimo lisije likaonekana ni dai la urithi.

"Hapana, mwanangu. Urithi wapi? Sisi wapangaji tu."

"Hakuna cha zamani hapa?"

"Cha zamani ni mimi."

Wakacheka, mgeni akaaga.

Katapila lilikuja kabla ya vuli. Justa alimkuta baba yake amekaa kitandani, kitanda kikiwa barabarani. Akamuuliza alimjibu nini yule mgeni. Mzee akasimulia yote, kwa fahari kidogo, kwamba hakudanganya.

Justa aliketi kando yake.

"Baba, hakuulizia urithi wako. Aliulizia urithi wa mji."

"Kumbe na mji unarithi?"

 Mzee akainuka, akakiendea kifusi. Matofali mazima vibarua walishayapakia kwenye lori. Akainama, akawa anageuza vipande kimoja kimoja, akijaribu kidole gumba kila penye shimo. Mashimo yalikuwa mengi. Hakuna hata moja lililokienea.