Hodi Tatu

Aka, musinipigie mie habari ya serikali! Vita ilipofika muji yetu ya Kindu, serikali ilikuwa wapi? Nauliza tu. Askari waliingia huku mutaa yetu ya Kasuku bila hodi, wakavunja mulango na kitako ya bunduki, na sisi tukakimbia mama na mie, kwa miguu, mpaka kijiji ya Tunda kwa yaya yangu Sifa, dada yangu mukubwa. Yeye njo alitupokea, akatugawia muchele yake na kitanda yake. Tuliporudi, komanda mumoja alikuwa analala katika chumba ya mama. Mama akaketi jikoni, nyuma ya nyumba yake mwenyewe, mpaka ule komanda alipohama. Hakuna mutu wa biro, ile ofisi ya serikali, hata mumoja aliyekuja kumuuliza kama yeye njo mwenye.

Sasa vita imekwisha, njo wanauliza.

Walipita na megafoni juu ya moto, ile pikipiki yao, kwenye avenue, njia yetu yote. Wakasema: siku yoyote, saa yoyote, watu wa biro watakuja kuona kila nyumba kama iko na mwenye. Watapiga hodi tatu. Mutu asipoitika, nyumba ni sanmetre. Ile ni Kifaransa yao, maana yake kitu isiyo na mwenye, na kitu isiyo na mwenye, serikali inakamata. Wanapaka musalaba mwekundu kwenye ukuta, wanatia kufuli. Kumbe wanatafuta nafasi ya kujenga magazini ya kuweka mali yao karibu na mto.

Muone ujanja! Kwetu sisi Wangwana, hodi ni tatu tangu zamani ya mababu. Ukipiga tatu na hakuna mutu anaitika, unarudi kwako na heshima yako, ju mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza. Njo maana ya hodi. Wao wakaichukua hodi yetu wakaigeuza mutego.

Tangu siku ile avenue ikawa buloko, na kila mutu ni mufungwa katika nyumba yake. Mama alikwisha kufa, nimebaki peke yangu, basi sokoni siendi. Kwa matanga ya watu siendi. Hata chooni nilikuwa naacha mulango wazi nipate kusikia, haya yangu yote ikaniisha. Tofali za nyumba hii, baba yangu alifyatua kwa mukono yake, mie nilikuwa nabeba maji. Serikali haikubeba hata ndoo moja. Lakini kama kitu inabaki yangu tu wakati nimeikalia, basi haiko yangu. Mie njo niko yake.

Jirani yangu ni Mama Kabedi, mutu wa Kasai, mujane wa mufanyakazi wa reli. Bwana yake njo alijenga nyumba yao, mbele ya vita kuanza. Tulikuwa tunaongea juu ya ua, kila mutu kwake.

"Mama Riziki," aliniambia siku moja, "weye mbuzi, mie mbuzi. Tofauti ni kamba tu."

Tukacheka mpaka machozi, kisha ile machozi ikabaki.

Halafu simu ikatoka Tunda. Yaya Sifa alikuwa mugonjwa sana, anauliza tu, "Mudogo yangu Riziki yuko wapi?" Nikajibu nitakuja. Sikwenda. Asubuhi nafunga mufuko, mangaribi nafungua. Wazee walisema mwenye nguvu mupishe. Sawa, lakini utamupisha namna gani, na njia yake inapita katikati ya nyumba yako?

Kabedi aliona ule mufuko. Akapita ua bila kuuliza.

"Enda," akasema. "Nitaketi kwako, nitaitika."

"Na kwako?"

"Kwangu si hapo tu? Wakianza huku, naitika, kisha naruka ua, naitika kule. Unafikiri miguu yangu ni ya kuazima?"

Tukaona tumepata akili kushinda biro nzima. Nikapanda moto, tukapiga matope mpaka Tunda, na nikamukuta Sifa angali anapumua. Alikamata mukono yangu. Unajua aliuliza nini? "Nyumba iko na nani?" Hata yeye, katika kufa! Nikamwambia iko na mutu. Akasema, "Basi keti." Nikaketi. Alikufa mukono yake katika mukono yangu, na ile nashukuru Mungu mpaka leo. Tukamuzika, na sikungoja matanga iishe, nikarudi.

Moto iliposimama kwenye avenue, niliona musalaba mwekundu. Haikuwa kwangu. Ilikuwa kwa Kabedi. Kufuli mulangoni, sufuria zake nje kwenye vumbi. Nyumba yangu safi, hata alama moja hapana. Nikaenda mulangoni pangu, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikapiga hodi kwangu.

"Karibu," akaitika Kabedi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti yangu.

"Walianza huku," akasema. "Nikaitika. Kijana wa biro akaniuliza, 'Weye njo Riziki, mwenye nyumba?' Ningesema nini? Nikasema njo mie. Akaandika. Kisha wakaenda kwangu."

"Na haukuruka ua?"

"Na uso gani, Mama Riziki? Walikuwa wamekwisha kuniona. Nikiitika kule, wanajua Riziki hayuko, wanakamata yako. Walipiga hodi ya kwanza. Ya pili. Ile ya tatu, nilifunga mudomo na mukono."

Nilimulalamikia kwa sauti, watu wa njiani wakasimama. "Ungeitika! Mama, ungeitika kwako!" Nilikuwa na kasirani, na haya, sijui ipi ilikuwa kubwa.

"Bwana yangu alijenga ile nyumba," akasema, "lakini yeye nilikwisha muzika. Yaya yako alikuwa bado anapumua."

Kwenda biro kusema ukweli? Nimewaza sana. Nikisema ukweli, wanapata nyumba mbili. Basi kwa biro Riziki ni Kabedi, na Kabedi hayuko. Na mie? Wakiniuliza, nasema mie Sifa, mugeni, nimetoka Tunda. Mugeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Katika nyumba ya baba yangu, mie njo mugeni.

Jana walituambia wabomoaji wako njiani. Nikapita ua, nikasimama mbele ya mulango ya Kabedi, pale kwenye kufuli. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Ya tatu ilitoka kidogo tu, na nikageuka nirudi, kama desturi yetu inavyosema.

Kabedi alikuwa amesimama kwenye baraza yangu.

"Karibu!" akaitika ile hodi ya mulango yake kwa sauti yake yote, avenue nzima ikasikia. "Karibu, Mama Riziki! Karibu kwangu!"