Wakili Sijaona

Fomu mia mbili na kumi na mbili zilitoka Newala na Masasi kwenda kwa kamati ya kuwatunuku mawakili, na zote, jamani, zilisema kitu kimoja. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: "Taja wakili anayestahili kuitwa Wakili Mwandamizi wa Heshima." Wakulima wa korosho, mama lishe, imamu, hata dereva wa boza la maji aliyebwagwa mahakamani mwaka juzi na wakili huyo huyo, wote waliandika: Wakili Sijaona.

Jibu lilikuja baada ya mwezi. Stamili, karani wake, aliingia nalo ofisini mbio.

"Mama Wakili, wamejibu!"

Sijaona akavaa miwani, akasoma. Kamati ilikuwa imeshtushwa kusikia kwamba wananchi mia mbili na kumi na mbili hawajaona wakili. Ujumbe ungefika Newala Alhamisi kuchunguza uhaba huo.

"Uhaba!" Sijaona akafoka. "Miaka thelathini na mbili nasimama mahakamani, leo mimi ni uhaba?"

Alilitaka jina lile la heshima, tusidanganyane. Alilitaka mpaka usingizi ukamruka, na sababu yake ilikuwa pale pale barazani, imekaa mkekani inabangua korosho: mama yake, Bibi Faidha. Bibi Faidha alikuwa amezika watoto watatu kabla yake. Alipozaliwa huyu wa nne, majirani wakaja kuuliza mtoto yuko wapi, naye akajibu, "Mtoto? Sijaona," ili kifo kikisikia kijipitie zake. Jina likaganda. Na bibi hakulegeza kamba. Miaka sitini na moja hajamwita "mwanangu" hata mara moja. Siku alipoapishwa kuwa wakili, bibi aliwaambia watu, "Yule anayeshinda na makaratasi." Sijaona alijipa moyo kwamba akipewa heshima mbele ya umma, labda mama yake angekubali kuwa ana mtoto.

Alhamisi wakafika wajumbe wa kamati, Bwana Dastani na Bi Ethel, gari lao halijazimwa, wana haraka ya kuwahi Tandahimba. Kibao cha mlangoni, WAKILI SIJAONA, walikuwa wameshakipiga picha kama ushahidi wa malalamiko ya wananchi.

"Shikamoo mama," alisema Bwana Dastani. "Tunatafuta wakili."

"Marahaba. Ndiye mimi, Sijaona."

"Hata wewe!" Bi Ethel akaandika haraka. "Wa mia mbili na kumi na tatu."

"Sikiliza, binti. Sijaona ni mimi."

"Macho yake hayo," Bi Ethel akamnong'oneza mwenzake. "Apelekwe Ndanda, hospitali."

Sijaona akatoa kitambulisho. Bwana Dastani akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Jina la kwanza: Sijaona. Masikini! Hata waliotengeneza kitambulisho hawakuliona jina lake."

"Mimi nimemwona Sijaona!" Stamili akapaza sauti.

"Umeona au hujaona? Ushahidi wako unajipinga. Halafu wewe ni mwajiriwa wake, huruhusiwi." Bwana Dastani akafungua kijitabu. "Kanuni iko wazi. Shahidi mmoja, mkazi wa hapa, atamke kwa kinywa chake kwamba amemwona wakili. La sivyo tunafunga faili. Yule bibi barazani je?"

Bora wangemuuliza mbuzi.

Wakatoka wote. Bwana Dastani akainama, akaamkia, akauliza kwa sauti ya mtu anayedhani wazee wote ni viziwi, "Bibi, umewahi kumwona wakili hapa?"

Vidole vya Bibi Faidha vikasimama juu ya korosho. Akatazama njia, akatazama nyuma ya nyumba.

"Mbona mnauliza kwa kelele hivyo?"

"Lazima iandikwe, bibi."

Bibi akaweka korosho chini. Kisha akamtazama Sijaona, akamtazama hasa, mvi zake, miwani yake, viatu vyake vya vumbi.

"Haya, andika. Nimemwona. Nilimwona tangu yu mwekundu, hana jino. Alikuwa mzuri, nikaogopa. Huyu ni mwanangu."

Bi Ethel akaandika huku akitabasamu. Hatimaye! "Na jina la wakili, bibi?"

"Sijaona."

Bwana Dastani akashika kichwa. Akakata mstari wote kwa kalamu, akafunga faili, wakaondoka wakinung'unika kuhusu watu wa huku, na Stamili akalikimbilia gari akipunga fomu mkononi.

Sijaona hakuliona hata likiondoka. Alikuwa ameshakaa mkekani, suti na yote, anafuta miwani kwa ncha ya kanga ya mama yake.

"Rudia, mama."

"Nimeshasema," alisema Bibi Faidha, na kumsogezea ungo. "Usipige kelele. Bangua korosho, mwanangu."