Dawa Kwenye Bwawa la Pili

Wananiita Chura kwa sababu nashinda kwenye mabwawa ya majitaka. Yako matatu, chini ya kijiji. Uchafu wa vyoo vyote unaingia la kwanza, unatuama, maji yanasogea la pili, halafu la tatu, mwisho yanatoka mtaroni hayanuki. Miaka sita nafyeka kingo na kuopoa mifuko. Ufunguo wa geti sina, anao mwenyekiti wa kamati. Alishasema msimamizi wa kudumu atamtaja siku wageni wakija kukagua.

Nilijua ni mimi. Halafu mdogo wangu akarudi na cheti.

Mama akamchinjia kuku. Mimi miaka sita hajanichinjia hata panzi.

"Injinia wangu, chukua paja," akasema. "We Chura, umenawa?"

"Mara mbili, Mama."

"Basi kaa mlangoni, upepo ukusaidie."

Nikala shingo.

Kamati ikampa dogo mwezi wa majaribio. Siku ya kwanza akasimama kwenye bwawa la pili, maji kijani kama mchicha, akashika kiuno. "Kaka, hili limeharibika. Wageni watatucheka. Tutie klorini yasafike."

Mimi nilijua ule ukijani ndio pumzi ya bwawa. Ukifa, maji yanaoza. Neno likafika mpaka kwenye ulimi. Nikakumbuka lile paja.

"Wewe ndiye msomi," nikamwambia. Na ndoo za dawa nikambebea mwenyewe.

Siku mbili maji yakang'aa kama kioo. Mama akaja kuyaona, akapiga vigelegele peke yake. Siku ya tatu yakawa ya kijivu. Ya tano, kijiji kizima kinafunga madirisha mchana. Nilifurahi, nisidanganye. Nilikuwa nafyeka huku napiga mluzi.

Mpaka Mama aliposhuka, leso puani, akampita dogo aliyekaa ukingoni, akaja moja kwa moja kwangu. "Chura, umefanya nini? Mwenzio juzi tu kayasafisha!"

Mluzi ukaisha. Kumbe akikosea yeye, nanuka mimi.

Kwa hiyo sikumhurumia mtu, nilitaka waone nani anajua kazi. Nikaziba njia ya maji kutoka la kwanza, yasizidi kuingia. La tatu lilikuwa bado kijani. Nikaleta pampu, nikayarudisha maji yake nyuma, kwenye la pili.

"Unayarudisha ya nini?" dogo akauliza.

"Mbegu ya ukijani. Shika mpira, acha maswali."

Akashika. Siku tisa, viatu vyake vya mjini vikageuka rangi ya bwawa. Ya kumi, ukijani ukarudi, harufu ikakata. Wageni wakaja, wakapima maji, wakatingisha vichwa wameridhika.

Mwenyekiti akampiga dogo bega. "Elimu hiyo!"

"Hapana, mzee," dogo akasema mbele ya watu wote. "Mimi ndiye niliyeliua bwawa kwa dawa. Aliyeliponya ni kaka yangu. Mimi sikujua."

Mwenyekiti akaniwekea ufunguo mkononi. Watu wakapiga makofi, lakini macho yote kwa dogo. Mama analia: "Mwanangu mkweli jamani!" Nimepata kazi mimi, anashangiliwa yeye. Hata kukosea ananishinda.

Tukapanda njia ya nyumbani. Katikati ya kilima akasimama.

"Kaka, siku ile ya dawa. Ulijua?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni, unanichoma pajani.

"Nilijua."

Akaniangalia. Nikasubiri anitukane. Hakunitukana.

"Haya, nenda kamwambie mwenyekiti," nikamwambia. "Si ndio kazi yako, kusema ukweli?"

"Huo si wangu," akasema, akaendelea kupanda.

Nikageuka. Chini kule mwenyekiti alikuwa bado anaongea na wageni getini. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikaanza kushuka, namwonea dogo wivu kila hatua, maana yeye alisema mara moja tu, tena hata sauti yake haikutetemeka.