Wachawi Kumi na Mmoja Wamelinywa Kombe

Alhamisi, tarehe 31 Oktoba 2002, saa tisa na dakika ishirini alasiri, wasichana watatu waliovaa mabuibui ya mama zao na kofia ndefu za karatasi nyeusi walishuka garini mbele ya nyumba ya Awadh, Al Amerat, Omani. Kufikia saa kumi kasorobo watoto walikuwa kumi na mmoja, wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minne. Nguo hazikumsumbua mzazi yeyote. Mji mzima una mabuibui.

Jirani yao, Saeed, alikuwa akipita na gari lake. Alipoliona kundi jeusi uwanjani, akasimama na kuteremsha kioo.

"Aliyefariki nani?"

"Hakuna, ami," alijibu Hadeel, binti wa Awadh, mwenye sherehe. "Tunacheza Halowini."

Saeed alizitazama zile kofia. "Basi Mungu awape subira," alisema, akaondoka.

Mama yake Hadeel, Mwanamize, kazi yake ilikuwa kupima damu katika maabara ya hospitali. Aliikubali sherehe kwa masharti mawili: mishumaa isiwashwe, na neno uchawi lisitamkwe mbele ya mama mkwe wake, Bi Sayyida. Kwa Bi Sayyida ilisemwa kwamba ni mazingaombwe. Hakudanganyika hata dakika tano.

"Kwetu Unguja mchawi alikuwa akijificha," alisema, akimwangalia mjukuu wake. "Nyinyi mwamvisha kofia, ili asipotee?"

"Ni mchezo tu, bibi."

"Na wao walianza hivyo hivyo."

Hadeel alikuwa amepanga meza ya dawa za wachawi. Palikuwa na siki na magadi, vilivyotoa povu. Palikuwa na zabibu zilizomenywa, zikaitwa macho ya vyura. Iliyokosekana ni Dawa ya Kuruka, ambayo kwa maoni yake ilipasa iwe na rangi ya dhahabu. Ndani ya friji aliiona chupa ya Vimto yenye maji ya manjano. Akaifungua, akanusa. Katika nyumba ile, kitu chochote cha manjano chenye harufu ya marashi mawaridi huwa ni sharbati. Akakichanganya na soda, akamimina katika vikombe vya kahawa. Watoto wote kumi na mmoja walikunywa. Hakuna aliyeruka. Thani, mwenye miaka kumi na mitatu, alisema ina ladha ya harusi.

Saa kumi na dakika kumi shangazi yake Hadeel, Mahbuba, aliingia jikoni kuchukua dozi yake. Akaikuta chupa mezani, tupu, imebandikwa karatasi: DAWA YA KURUKA.

"Nani kanywa kombe langu?"

Kombe lilikuwa limeandikwa na mwalimu wa Bi Sayyida. Aliziandika aya kwa zaafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji na marashi, akayatia maji yale chupani. Mahbuba alitakiwa anywe finjani moja kila siku baada ya Alasiri, kwa siku saba. Siku tano alikuwa ameshazimaliza. Ya saba ingekuwa Ijumaa, na Jumamosi asubuhi alikuwa na mtihani wa mapipa.

Katika mtihani huo dereva, askari wa trafiki akiwa kando yake, hurudi nyuma kati ya safu mbili za mapipa bila kugusa hata moja. Mahbuba alikuwa ameshaanguka mara sita. Kila siku kaka yake, Awadh, alimpeleka kazini wizarani, Al Khuwair, kisha akaenda kazini kwake Ghala. Wiki iliyofuata Awadh alikuwa anahamishiwa Sohar. Bila leseni, Mahbuba angeacha kazi, au angehamia kwa mama mdogo aliyekuwa na kasuku wawili na maoni mengi.

"Nlidhani sharbati, shangazi," alisema Hadeel.

"Sharbati! Na nyie mmekunywa yote? Hata tone halikubaki?"

"Ruba alilamba kikombe."

Mwanamize aliichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga. "Wifi, hii ilikuwa maji, zaafarani kidogo na marashi. Mwilini haifanyi kitu. Nakuhakikishia."

"Mimi mwenyewe siamini," alisema Mahbuba. "Lakini nishakunywa siku tano. Sasa nifanyeje, nende na kombe nusu?"

"Mpigie simu mwalimu."

"Yuko Unguja. Harudi mpaka Ramadhani."

Bi Sayyida alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Aliwahesabu watoto kwa kidole, kofia moja moja.

"Kumi na mmoja," alisema. "Kombe halijapotea. Limo matumboni mwao. Mahbuba, chukua ufunguo wa gari. Nyie wachawi, tokeni nje."

"Mama!" alisema Mwanamize. "Apige rivasi katikati ya watoto wa watu?"

"Hiyo maabara yako ilishampasisha nani mapipa?"

Mwanamize hakuwa na takwimu za jambo hilo. Alikubali kwa sharti kwamba yeye atakaa mbele, hakuna mtoto atakayesogea mahali pake, na mkono wake hautatoka kwenye breki ya mkono. Alisahau tu upande wa usukani, akaufungua mlango wa kushoto. Omani usukani uko kushoto, na Mahbuba alishakaa pale. Mwanamize akazunguka, akaingia kulia.

Kando ya nyumba palikuwa na kiwanja ambacho hakijajengwa. Watoto walijipanga safu mbili, sita huku na watano kule. Kwa miguu, Bi Sayyida alipima upana kama wa uwanja wa mtihani. Watoto walifurahi kuliko walivyofurahia macho ya vyura.

"Mapipa hayacheki!" aliwakemea Bi Sayyida.

Mara ya kwanza Mahbuba alirudi nyuma huku akimtazama Mwanamize usoni. Thani, pipa la mwisho kushoto, alipiga ukelele na kuruka pembeni. Gurudumu lilipita juu ya kofia yake.

"Unanitazama mimi kwa nini?" aliuliza Mwanamize, breki ameshaivuta.

"Nataka nijue kama nnakosea."

"Na mtihanini unamtazama nani?"

Mahbuba alifikiri. "Askari."

"Mara zote sita?"

"Mara zote sita. Uso wake ukikunjika, nnakata kona."

"Basi achana na uso wangu. Tazama kioo. Kioo kina Thani."

Mara ya pili alitazama kioo. Thani hakuwa na kofia, na kichwa chake kilionekana vizuri. Mahbuba alimwita kwa jina mpaka alipompita, kisha akamwita Ruba, kisha Aws. Hakumgusa mtu. Alirudia mara nane, polepole, huku watoto wakizihesabu kwa sauti, na mara zote nane hakugusa mtu.

"Nshasema," alisema Bi Sayyida. "Kombe."

"Kioo," alisema Mwanamize.

"Naomba tucheze tena," alisema Thani.

Lakini adhana ya Magharibi ilikuwa imeanza, na wazazi walikuwa wamefika. Baba yake Ruba aliuliza kulikuwa na nini katika sherehe. Ruba alimjibu kwamba alikuwa pipa.

Jumamosi, saa mbili na dakika arubaini asubuhi, Mahbuba aliingia katika uwanja wa mtihani. Askari alikaa karibu naye na karatasi magotini. Mahbuba alitia rivasi, akakigeukia kioo, na midomo yake ikaanza kusema.

"Unazungumza na nani?" aliuliza askari kwa Kiarabu.

"Na pipa."

"Linakujibu?"

"Hapana. Limesimama vizuri."

Askari alimtazama. Mahbuba hakumtazama. Gari lilirudi nyuma, likapita pipa la kwanza kushoto, la pili, na la mwisho, likaingia katika nafasi yake na kusimama. Askari alishuka, akazunguka gari lote, akainama kuangalia bampa ya nyuma. Saa tatu kasoro dakika tano aliandika kwamba amefaulu, akatia saini, akamwita aliyefuata.