Kovu la Upande wa Kushoto

Katika ofisi ya habari ya jeshi, mbunifu wa mabango alikuwa na desturi moja asiyoivunja: picha ya askari aliyeanguka vitani haikwenda kiwandani kuchapwa kabla mzazi wake hajaiona. Siku moja mama mmoja alisimama mbele ya bango la kumbukumbu, akalitazama, akatikisa kichwa.

"Huyu si wangu. Kovu la mwanangu lilikuwa juu ya jicho la kushoto. Alilipata akiikimbia fimbo yangu, nitasahau vipi?"

Mbunifu alilitambua kosa lake. Ni yeye aliyeigeuza picha, kushoto ikawa kulia kama kwenye kioo, ili uso uelekee kwenye maandishi, kama kazi ya mabango inavyotaka. Vifungo na nishani alivirudisha mahali pake kwa uangalifu mkubwa, lakini kovu lilimpita.

"Mama, wakubwa wamekwisha kulipitisha," afande msimamizi wa ofisi alisema kwa upole.

"Kwani wakubwa ndio waliomzaa?"

Mbunifu hakujitetea hata kidogo. Alimvutia mama kiti karibu na kompyuta, akairudisha picha ilivyopigwa, kisha akalivunja bango zima na kulijenga upya. Akahamisha maneno, akahamisha bendera, mpaka kila kitu kikamfuata kijana kule alikokuwa akitazama.

Mama aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Haya, mkorofi wangu ndiye huyu," alisema, akimshika mbunifu bega. "Mtundikeni. Tena juu kabisa, mwanangu, asije akanikimbia tena."