Mashine Iliyoota Kihambani

Jumanne asubuhi, ukungu wa Kibosho ukiwa bado umelala juu ya migomba ya kihamba, shamba la ukoo lililozunguka nyumba yao, Hilaria alikoroga zege: mfuko mmoja wa saruji, mchanga wa mtoni, na kokoto alizozigonga mwenyewe. Alilimwaga kwenye boksi la mbao, akalaza juu yake vyuma viwili vilivyonyooka vya lori bovu. Lilipokauka akafunga shafti, beringi kuukuu na mota ya pampu aliyoisuka upya. Ikawa mashine ya kukereza vyuma. Karakana ya mjini, alikofagia miaka tisa huku jicho lake likiwa kwa mafundi, ilikuwa na moja ya ng'ambo ambayo mwanamke hakuruhusiwa kuigusa.

Ya kwake ilifanya kazi. Watu walileta shafti zilizolika za mashine za kumenya kahawa, wakaondoka nazo zikiwa zimenyooka.

Masika yalipokwisha alitaka kuisogeza, ikakataa. Alipochimba alikuta zege limetoa mizizi minene kama mkono, ikielekea mferejini. Akaifukia, akaongeza samadi. Mwezi uliofuata, pembeni yake ikachipua mashine ndogo ya kutoboa, nzima, na mpini wake.

"Usiing'oe mapema," alisema mama yake, Mektrida. "Chipukizi huachwa lipate nguvu."

Majirani wakaja kuomba miche. Mjane mmoja alipanda wake nyuma ya zizi, ukashika.

Habari zikamfikia mdogo wake wa kiume, Primus, kitinda mimba, huko Dodoma. Alirudi Jumamosi, akaja na baba yao mdogo, Mzee Ildefonce.

"Shikamoo, baba mdogo," Hilaria alisema.

"Marahaba." Mzee aliizunguka mashine, akapapasa mzizi uliojitokeza. "Imeota vizuri. Lakini kinachoota kihambani ni cha kihamba, na kihamba cha marehemu baba yenu, kwa mila, ni cha mtoto wa kiume wa mwisho, Primus. Unalijua hilo."

"Baba, saruji nilinunua mimi. Nimeiunda kwa mikono yangu."

"Hata migomba hii mama yako aliipanda kwa mikono yake," mzee alijibu kwa upole. "Umewahi kusikia ni yake?"

Mektrida alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua macho, ila kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Primus hakuwa mtu mbaya. Alimwambia dada yake aendelee kufanya kazi mpaka fundi mwingine apatikane, na siku ya kuondoka achukue chipukizi moja. Hilaria hakungoja fundi. Alichimbua dogo kuliko yote, akalifunga kwa majani mabichi ya mgomba, akateremka nalo Moshi mjini.

Chumba alichopanga kilikuwa na sakafu ya saruji, kwa hiyo alilipanda kwenye ndoo aliyoijaza udongo wa uani. Wiki ya tatu likatoa mzizi wa kwanza. Mwenye nyumba alipita, akalisifu, akainama kulitazama vizuri. Kisha akauliza, kwa heshima zote, udongo ule ulichotwa uani kwa nani.